Mgeni wa Kizimba cha Kona

Kwenye ghuba ile, maji yakishatoka, mtu wa kwanza kuingia alikuwa Bi Brashi. Jina la kuzaliwa alikuwa nalo, ila lilibaki kwenye kitambulisho tu. Wavuvi walimbatiza hilo la Brashi kwa sababu hawakupata kumwona akienda majini bila brashi ya mpini mrefu begani na ndoo ya plastiki iliyokatwa kitako ikabandikwa kioo. Ndoo hiyo ukiikandamiza juu ya maji unaona chini vizuri, kama mtu anayechungulia kwa jirani.

Zamani sakafu ya ghuba ilifunikwa na nyasi za bahari. Si mwani unaoelea. Nyasi hasa, zenye mizizi na majani marefu, na ndani yake kamba, kaa na vifaranga vya kila samaki wakijificha. Nyavu za kukokota ziling'oa kidogo leo, kidogo kesho, mpaka ukabaki mchanga mtupu kama kichwa kilichonyolewa. Akaja binti mmoja mtaalamu, mrefu, miwani yake imefungwa kwa uzi isianguke, akapanda nyasi mpya shina kwa shina, kama watu wapandavyo mpunga. Wavuvi wakamwita Dakta Nyasi. Nyasi zake hazikumaliza wiki. Walikuja tafi, wale samaki bapa wenye midomo midogo, walao majani kutwa nzima, wakazifyeka hadi kwenye mchanga.

"Si roho mbaya yao," Dakta Nyasi alisema siku hiyo, suruali imemlowa hadi kiunoni. "Zamani walikuwa na shamba zima. Mimi nimewawekea sahani moja, na waalikwa ni harusi nzima."

Ndipo vilipotengenezwa vizimba vya waya, vya kuzifunika nyasi changa mpaka zishike mizizi. Aliyevichomelea alikuwa mume wa Bi Brashi. Alikuwa fundi wa mkono wake mwenyewe, hapendi kufuata mchoro, na kila kizimba alikipa komeo gumu linalotaka kuinuliwa kidogo, kisha lisukumwe, kisha libembelezwe. Alifariki kabla nyasi hazijatoa jani jipya. Vijana wawili walijaribu kazi ya kusafisha vizimba, wote wakaishia kuyatukana makomeo na kuondoka. Mjane akaombwa. Yeye makomeo yale aliyajua. Mlango wa nyumbani kwake ulikuwa na ndugu yao.

Basi kazi ikawa hiyo. Waya ukikaa majini huota ukoga wa kijani, kama ule wa ndani ya mtungi usiooshwa, na ukoga ukiziba matundu mwanga haufiki kwenye nyasi. Bi Brashi alisugua juu kwenda chini, akarudia mshazari, na kwenye pembe akatumia mswaki mkuukuu. Kisha alirudi chumbani kwake, chumvi imemkauka miguuni, akakuta kitanda, meza na viti viwili, kimoja kikiwa kimeshageuka kabati la nguo. Alipika. Mkono wake ulikuwa haujajifunza kipimo cha mtu mmoja, kila siku chakula kilibaki. Binti yake aliishi mbali, alipiga simu Jumapili, na mazungumzo yao yalikuwa yaleyale: umekula, umelala, dawa umekunywa, haya mama, baadaye.

Dakta Nyasi alimwachia amri moja tu. "Bibi, samaki akiingia kizimbani, mtoe, halafu uniambie. Hata akiwa mdogo kama ukucha. Tunataka tujue nyasi zikikaa bila mlaji yeyote zitakuwaje."

"Nimesikia, mwanangu."

Na kweli alisikia. Lakini Jumapili moja binti yake alimwambia likizo ile hatakuja, kazi zimembana, labda ile nyingine. Kesho yake Bi Brashi alipoweka ndoo juu ya kizimba cha kona, akaona kitu kinametameta kati ya majani. Tafi mchanga, kama ukucha kweli, alikuwa amepenya kwenye tundu la waya. Alikuwa anachuna ukoga juu ya jani kwa adabu kabisa, kama mtoto anayelamba kijiko.

Bi Brashi aliinua komeo. Akalisukuma. Halafu akalirudisha.

"Leo pumzika," alimwambia. "Kesho nitakutoa."

Kesho hakumtoa. Akampa jina, Mgeni. Wasemao husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu hakuhitaji kupewa, kwa kuwa palizi alikuwa ameshaianza mwenyewe. Jani baada ya jani alilisafisha, na nyasi za kizimba cha kona zikaanza kung'aa kuliko za vizimba vingine, ambako brashi ilifika kwenye waya tu na majani yenyewe yalibaki yamevaa ukoga kama koti.

Ikawa kila maji yakitoka, Bi Brashi anaanza na vizimba vingine harakaharaka, ili amalizie kona. Hapo hana haraka. Anasugua, anasimulia. Alimsimulia Mgeni kwamba mchele wa safari hii una mawe, kwamba jirani amepaka ukuta rangi ya ajabu utadhani dawa ya meno, kwamba marehemu alikuwa akikoroma kwa awamu, anapumzika, anaanza tena. Mgeni alizoea. Ndoo ikigusa maji tu, anatoka majanini na kuja kusimama chini ya kioo, akipumua kwa mashavu yake madogo. Bi Brashi hakuwa mjinga. Alijua samaki hasikilizi habari za mchele. Lakini ni nani mwingine aliyekuja alipomwona?

Dakta Nyasi alikuja na kamba yake ya kupimia. Akapiga mbizi, akapima majani ya kizimba kimoja kimoja. Alipofika kona alikaa chini muda mrefu, na Bi Brashi alisimama juu na maji kiunoni, akihesabu mapovu yake. Lakini tafi akiogopa hujigeuza madoadoa, rangi ya mchanga na kivuli, na Mgeni akatulia kimya. Ukimtazama hivi hivi utasema ni jani lililooza.

Dakta aliibuka, akavua kioo cha kuzamia, uso umejaa furaha.

"Bibi! Hiki cha kona umekifanya nini?"

"Nimekifanya nini mimi?"

"Nyasi zake safi kuliko zote. Ndefu, hazina ukoga hata kidogo. Umebadilisha brashi?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Neno lilimfika mdomoni, likageuka.

"Nafikiri ni mkondo," alisema. "Maji ya kona yanapita vizuri."

"Mkondo," Dakta akarudia, akitikisa kichwa kwa kukubali. "Inawezekana kabisa."

Akaondoka na jibu hilo mfukoni.

Kitu chochote kikilishwa hukua. Mgeni alitoka kwenye ukucha akawa kidole, akatoka kwenye kidole akawa kiganja, na tundu la waya alilopitia likawa historia. Na tafi wa kiganja si mlamba ukoga tena. Bi Brashi alianza kuona ncha za majani zimekatwa, nusu duara, kana kwamba mtu amepita na mkasi. Akajifanya hakuona. Kisha yakakatwa katikati. Akatafuta dawa yake mwenyewe: akawa anapita ufukweni asubuhi, anaokota majani ya nyasi yaliyotupwa na mawimbi kutoka mbali, anayakusanya kwenye kikapu, anakwenda kumlisha Mgeni kupitia mlangoni ili asile yale ya kizimbani.

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alimkuta ameinama na kikapu. Alikuwa mvuvi wa madema, mitego ile ya kusuka, na tafi ndio walikuwa biashara yake.

"Shemeji, umenunua ng'ombe?"

"Pita na njia yako."

"Napita. Ila ng'ombe wako akikamuliwa, nikumbuke na kikombe."

Hakupita. Alimfuata hadi majini, akampokonya ndoo kwa mzaha, akachungulia. Akacheka mpaka ndoo ikamponyoka.

"Lo! Huyu si wa kizimbani huyu. Huyu ni wa mkaa, limau na chumvi."

"Ukimgusa mlango wangu usahau."

"Na Dakta anajua?"

Bi Brashi alisugua waya uliokuwa umeshatakata.

"Wenzako wakishikwa na upweke wanafuga paka," shemeji alisema, safari hii bila kucheka. "Paka angalau unamgusa. Upweke ni uvundo, shemeji, nakubali. Lakini tafi?"

"Paka anahitaji mtu wa kubaki naye nikiwa kazini. Huyu niko naye kazini."

Shemeji akaiokota ndoo iliyokuwa ikielea. Akamrudishia ndoo, akaenda kwenye madema yake.

Simu ya Dakta Nyasi ilikuja mchana, Bi Brashi akichambua mchele.

"Shikamoo bibi. Nina habari njema, nimeshindwa kungoja."

"Marahaba mwanangu. Niambie."

"Wamekubali tupande ghuba nzima. Kina mama wa ufukweni wote watashiriki. Na vizimba vipya nimeagiza viwe kama cha kona: vielekee mkondo, vifungwe kabisa, tena waya wenye tundu dogo zaidi, hata kifaranga asipite. Kama kwa mkondo tu, bila samaki, nyasi zinapendeza vile, basi tuwazuie wote. Karakana inaanza kukata waya kesho."

Bi Brashi aliuweka ungo chini. Aliwaona wale kina mama, anawajua mmoja mmoja, na migongo yao anaijua: muuza maandazi mwenye kiuno kibovu, mke wa mtengeneza nyavu mwenye mtoto mgongoni, wote wameinama majini wanachomeka mashina kwenye mchanga. Halafu wanafunika kwa waya usiopitisha hata kifaranga. Halafu ukoga unapanda juu ya majani, polepole, koti juu ya koti, na brashi haifiki. Alikwishaliona hilo kwenye kila kizimba isipokuwa kimoja. Wangefuga ukoga, ghuba nzima.

Akisema, Mgeni anaondoka. Asiposema, kina mama wanapanda kaburi. Alikaa na mawazo hayo mawili mpaka Dakta akadhani simu imekatika.

"Bibi? Haloo?"

"Nipo. Usikate waya, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Kona kuna samaki."

Kwa mbali ikasikika feni ya ofisini.

"Tangu lini?"

"Tangu akiwa ukucha. Yeye ndiye aliyekuwa akisafisha. Hakuna cha mkondo. Na sasa amekuwa mkubwa, anakula nyasi zenyewe, nami namletea majani ya ufukweni ili asizimalize."

"Unamletea..." Sauti ya Dakta ikawa ndogo, ya mtu aliyeumizwa na mtu wa nyumbani. "Bibi, kwa nini hukuniambia?"

"Ungemtoa."

"Ndiyo, ningemtoa."

"Basi, ndiyo sababu."

Bi Brashi alisubiri kufukuzwa kazi. Alisubiri hata kutukanwa, ingekuwa nafuu.

"Mtoe, bibi. Mtoe leo maji yakitoka. Kisha ukisugue kizimba kama vingine, tuone kitakuwaje bila yeye. Nami nitapiga simu karakana." Akasita. "Nilishawatangazia watu habari ya mkondo."

"Najua. Nisamehe."

"Mtoe," alisema Dakta, akakata.

Maji yalitoka mchana huohuo. Bi Brashi hakwenda na brashi. Aliinua komeo, akalisukuma, akalibembeleza, akaufungua mlango wa kizimba wazi kabisa, akajitenga pembeni. Mgeni akaja mlangoni, akasimama kizingitini akitazama mchanga mtupu wa nje. Akarudi ndani. Akaja tena, akarudi. Hakuwahi kuishi mahali pasipo na ukuta.

"Toka, baba. Dunia iko huku."

Hakutoka. Bi Brashi akatia mkono ndani kumswaga, na Mgeni, kwa hofu, akasimamisha miiba ya mgongoni. Mwiba wa tafi una sumu. Aliyechomwa hahitaji kuambiwa. Maumivu yalimpanda hadi kwenye kwapa, akapiga ukelele, maji yakaruka, na katika patashika hiyo kitu kikampita mguuni kama upepo. Alipoweka ndoo juu ya maji kwa mkono wa kushoto, aliona kundi la tafi likipita mbali kidogo, bapa, kijivu, wote sare moja. Mmoja alikuwa nyuma akijitahidi kuwafikia. Wakageuka pamoja, na baada ya hapo hakukuwa na wa nyuma.

Jioni alikaa na mkono ndani ya beseni la maji ya moto, kwa kuwa ndiyo dawa yake. Jumapili binti yake alipouliza umekula, umelala, Bi Brashi alijikuta anamsimulia yote, kuanzia ukucha hadi mwiba. Binti alicheka mwanzoni. Kisha akaacha.

"Mama. Ulikuwa unaongea na samaki?"

"Alikuwa msikilizaji mzuri."

Binti akalirudia neno hilo, msikilizaji, polepole.

"Nitakuwa napiga na Jumatano," binti alisema.

Kizimba cha kona kiliota ukoga kama vingine vyote. Alikisugua kwa bidii kuliko zamani, waya ukang'aa, na majani ndani yakavaa koti lao la kijani na kuanza kulala. Dakta Nyasi alikuja, akapima, akakaa juu ya jiwe akiwaza. Hakumnunia Bi Brashi, ila alikuwa na adabu mpya, ya mbali, kama ya mtu anayemsalimu mkwe. Alichora na kufuta, akawauliza wavuvi ukubwa wa tafi wa kila umri, mwishowe akaagiza waya wenye tundu la kupita vidole viwili. Wadogo waingie wasafishe, wakishakua wabaki nje, mpaka nyasi zishike mizizi na shamba liwe kubwa kiasi cha kuwatosha wote. Ndipo vizimba vitaondolewa.

"Ni wewe uliyetuonyesha, bibi," alisema wakati wa kuondoka. "Hata kama hukukusudia."

"Sikukusudia. Nilikuwa mpweke tu."

Dakta alimwangalia, kisha akafunga zipu ya begi lake.

Kina mama walipanda. Kwa siku kadhaa ghuba ilijaa vicheko na kelele za watu wanaodondosha vitu majini, na muuza maandazi alilalamika kiuno chake kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo. Bi Brashi aliwaelekeza kila mmoja namna ya kulibembeleza komeo, kwa kuwa karakana ilinakili yale ya marehemu. Kisha wakamaliza, wakarudi majumbani kwao.

Siku moja shemeji alikuja mlangoni na tafi waliotungwa kwenye kamba, zawadi. Bi Brashi aliwapokea, akawaweka mezani, akamgeuza mmoja mmoja akimtazama machoni.

"Umewategea wapi hawa?"

"Palepale pa siku zote, kwenye mwamba. Unataka nikuletee na vitambulisho vyao?"

Bi Brashi alichukua kisu. Aliwapasua, matumbo yakatoka yamejaa nyasi zilizotafunwa, mbichi, zinanuka ufukwe. Akawapaka chumvi, akawachoma, akawapakulia na wali kwenye sahani moja, akaisogeza mbele ya shemeji. Yeye akajimiminia chai.

Shemeji alimega, akatafuna, akaona sahani ni moja tu. Akaacha kutafuna.

"Shemeji, tafi wote wanafanana."

"Ndiyo maana," akasema Bi Brashi.

Shemeji aliosha mkono wake bila kumaliza. Mlangoni akageuka. "Madema nitayahamishia upande wa pili. Kule pana pono wengi," alisema, ingawa wote wawili walijua upande wa pili hakuna kitu.

Binti alipiga Jumatano, kama alivyoahidi. Akapiga na iliyofuata. Walizungumza hata habari za ukuta wa jirani, wakacheka. Jumatano ya baada ya hapo Bi Brashi aliweka simu juu ya meza, akaondoa nguo kwenye kile kiti cha pili, akazikunja, akaketi. Simu haikulia. Ana kazi, alijiambia, na ilikuwa kweli.

Asubuhi maji yalitoka mapema. Alichukua brashi na ndoo, akaanza na kizimba kipya cha mbele. Majani yalikuwa safi, marefu kidogo kuliko juzi, na juu yake kulikuwa na tafi wachanga wengi, wanachuna ukoga kila mmoja kwenye jani lake. Wengine waliingia kwa matundu ya waya, wengine walitoka, kama watu sokoni.

"Mmeamkaje?" Bi Brashi alisema.

Walitawanyika wote mara moja. Mchanga ukatifuka, ukatua. Alishusha brashi taratibu, akashika kizimba, akangoja. Akarudi mmoja, akarudi na mwingine, wakafuata nyasi zao, wala hakuna aliyekuja chini ya kioo. Safari hii hakusema kitu, kwa kuwa alijua akisema watakimbia. Aliinama tu juu ya ndoo akiwatazama wanavyokula, na maji yakaanza kurudi, yakampita magoti, yakampita kiuno, na brashi yake bado haijagusa waya.